Mguu wa Kulia Kwanza

Kitu cha kwanza alichokiona Sumie hakikuwa ngumi wala teke. Zilikuwa alama mchangani.

Kila asubuhi alipeleka tofu ya moto, ile jibini laini ya soya, nyumbani kwa Mwalimu Irei aliyefundisha karate, beseni la mbao kichwani juu ya ngata, mikono yote miwili ikining'inia, maana msichana wa kijiji cha Yonabaru anayeshikilia beseni lake huchekwa njia nzima. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wamekwisha kwenda kisimani kunawa, na ua ulikuwa mtupu. Sumie akaona mchanga mweupe umechorwa miezi michanga, mmoja mbele ya mwingine, toka barazani hadi karibu na lango, kila mmoja umepinda kwa ndani kama mundu. Akasimama na beseni lake akijiuliza ni mnyama gani anayetembea hivyo.

Kesho yake aliwahi, akampata mnyama mwenyewe. Walikuwa vijana sita, vifua wazi, wakitembea polepole kama watu waliozama majini hadi kiunoni. Wayo uliteleza kuingia ndani, ukatoka nje, ukakita. Ngumi zilikwenda taratibu, nzito, kana kwamba hewa imegeuka udongo. Na pumzi zao! Zilisikika hadi barabarani, kama mvukuto wa mhunzi. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeruka, lakini vinyweleo vya mikono ya Sumie vilisimama vyote.

Mwalimu Irei, mzee mfupi mwenye masikio makubwa, alikuwa amelipa lango mgongo. Wanafunzi walimwelekea yeye, kwa hiyo walilielekea lango. Sumie aliwaona kwa mbele, uso kwa uso, na hivyo ndivyo alivyojifunza.

Nyumbani alikuwa na jiwe la kusagia soya. Kulizungusha jiwe lile ni kazi ya kiuno na miguu kuliko ya mikono, na sasa miguu yake ilianza kuchora miezi chini ya jiwe. Saga, vuta pumzi. Saga, toa pumzi. Soya ilitoka laini kuliko kawaida.

"Wewe Sumie," akasema Bibi Ushi, aliyemlea tangu vita viwachukue wazazi wake, "miguu yako ina nini? Umekanyaga siafu?"

"Hapana, Bibi."

"Basi unamchezea nani ngoma? Mimi? Mimi nimeshazeeka, mjukuu wangu, katafute kijana."

Sumie akainama kuficha uso. Hakuwa mtu wa maneno. Shule yake iliishia darasa la pili, siku jengo lilipoungua, na baada ya hapo hakuna mtu aliyemwambia tena asimame asome kwa sauti. Akakua na sauti ndogo, ya kutosha kuuzia tofu tu. Lakini ndani ya kifua sasa kulikuwa na kitu kinachorukaruka kila alfajiri kabla hajafungua macho, na kitu hicho kilikuwa na jina: Sanchin, zoezi lile la polepole. Alimsikia Mwalimu akilitaja, akalibeba hadi nyumbani kama yai.

Majira ya mvua yalipita. Sumie akaweza zoezi lote, toka mwanzo hadi mwisho. Alilifanya nyuma ya banda la nguruwe, alilifanya pwani akienda kuchota maji ya bahari ya kugandishia tofu, na asubuhi moja, kwa kuwa raha ilimzidi, akalifanya kwenye kichochoro nje ya ukuta wa Mwalimu, beseni likiwa bado kichwani.

"Jamani! Njooni muone!"

Alikuwa Morio, kijana mrefu wa kwa fundi majamvi, mwanafunzi hodari kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote. Alikuwa amekaa juu ya ukuta akila kiazi.

"Dada wa tofu anafanya Sanchin! Halafu anaifanya kinyume! Kulia kwake kushoto, kushoto kwake kulia! Dada, ulijifunzia kwenye kioo?"

Vichwa vikajitokeza juu ya ukuta kama kuku. Sumie alitamani ardhi immeze na beseni lake. Angekimbia, ila tofu ya moto haikimbiwi nayo. Kabla hajageuka, lango lilifunguka na Mwalimu Irei akatoka.

"Fanya tena," akasema.

Akafanya. Mguu ulipoteleza mchangani akasahau watu. Mzee akamzunguka, akimtazama si miguu bali beseni. Beseni halikupanda wala kushuka. Akamtua mzigo, akarudi nyuma yake, na bila kumwonya akampiga mabega kwa viganja, paa! Sumie hakusogea. Kitu kikamwaka tumboni, moto mzuri. Mzee akamsukuma kiunoni kwa kidole kimoja tu, na Sumie akaanguka kifudifudi juu ya kuku aliyekuwa akijipitia.

Kuku alipiga kelele zaidi ya wote, na wote walipiga kelele.

"Juu umejenga," akasema Mwalimu. "Chini bado. Na umeanza na mguu wa kushoto. Sanchin ni mguu wa kulia kwanza. Sasa niambie, unataka nini hapa?"

Jibu lilikuwa pale, limejaa mdomoni kama wali wa moto. Sumie akafungua mdomo.

"Nimeleta tofu, Mwalimu."

Vijana wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alikuna sikio.

"Vizuri. Mimi hula tofu wanafunzi wakishamaliza. Utanisubiri kule nyuma yao, karibu na mitungi. Na sipendi mtu anayesubiri amekaa."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Sumie alileta tofu na kila asubuhi alisubiri, na kwa kuwa haruhusiwi kusubiri amekaa, alisubiri kwa kufanya wanayofanya wenzake. Hakuna aliyesema kwamba anafundishwa. Kijijini watu walipouliza, Mwalimu alijibu kuwa yule ni wa tofu, anangoja vyombo vyake. Tofu ikawa inapoa kila siku, na mzee akawa anaila baridi bila kunung'unika, yeye aliyejulikana wilaya nzima kwa kurudisha tofu iliyopoa.

Kumbe kujifunza upya ni kazi kuliko kujifunza! Sasa aliwaona wenzake kwa mgongo, kulia kwao ndiko kulia kwake, lakini mwili ulikuwa umezoea kioo. Mguu wa kushoto ulitangulia wenyewe kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani. Mwalimu alipita na kuugonga kwa fimbo ya mwanzi. Tok. Kesho, tok. Kesho kutwa, tok. Halafu asubuhi moja fimbo haikugonga. Sumie alifika nusu ya zoezi ndipo akatambua, na furaha ikamzidi nguvu hata akapoteza pumzi na kugongwa kwa hilo.

Alipewa nguzo ya kupiga, ubao uliosimikwa ardhini na kufungwa kamba ya majani ya mpunga kichwani. Mara ya kwanza nguzo ilimrudishia ngumi yake, akaona nyota. Baada ya majuma ilianza kuinama. Alipewa mitungi miwili ya kubeba kwa ncha za vidole, imeshikwa midomoni tu, na mzee akiiongezea mchanga kidogo kidogo kama mtu anayetia chumvi kwenye supu. Jioni Sumie hakuweza kushika vijiti vya kulia chakula, na alilala akitabasamu.

"Mikono yako imekuwa magamba ya kasa," Bibi Ushi alilalamika akimpaka mafuta ya nguruwe vidoleni. "Nani ataoa kasa?"

"Kasa mwenzake," akajibu Sumie.

Bibi alishtuka, akamtazama, kisha akacheka hadi akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza mjukuu wake kumjibu mzaha.

Mwezi wa nane ulipokaribia, kijiji kikaanza kujiandaa kwa sherehe ya mavuno. Wanawake walifanya mazoezi ya ngoma, wanaume walisokota kamba kubwa ya kuvutana, na mbele ya ghala la mpunga lilijengwa jukwaa la mbao. Wanafunzi wa Mwalimu Irei wangepanda jukwaani kama kila mwaka. Asubuhi moja mzee akawakalisha wote chini, akasema:

"Nimezeeka. Sherehe ikipita, asubuhi yake naanza zoezi la pili, lile nililopewa na mwalimu wangu. Nitalifundisha mara moja tu maishani mwangu, sina miaka ya kulirudia. Siku hiyo lango litafungwa. Wanafunzi wangu watakuwa ndani. Asiye mwanafunzi atabaki nje, hata kama analeta tofu."

Akaingia ndani. Sumie alibaki ameshika mtungi wake.

"Mbona umeduwaa?" akauliza Morio wakiwa kisimani. "Si umwombe tu?"

"Kumwomba nini?"

"Akupokee! Dada yangu, wewe hujawahi kuomba. Sisi wote tuliomba, langoni, kwa mdomo, kila mmoja na aibu zake. Mimi alinifukuza kama mbwa. Nikarudi, akanifukuza. Nikarudi na mvua, nimelowa chapachapa, naomba huku natetemeka, akasema, 'Ingia, unanichafulia lango.' Ndiyo desturi yake. Mwalimu hamwiti mtu. Hata mwanawe mwenyewe hakumwita, na mpaka leo mwanawe anauza samaki."

"Lakini ananifundisha."

"Anakusubirisha tofu," akasema Morio, na safari hii hakucheka.

Toka siku hiyo Sumie alitembea na maneno yake njia nzima. *Mwalimu, naomba unifundishe.* Aliyasema kwa jiwe la kusagia, kwa nguruwe, kwa bahari. Yalikwenda vizuri mno na nguruwe. Lakini akifika langoni, mzee akisema, "Umeleta nini leo?" kama alivyozoea kumsalimu, lililotoka lilikuwa lile lile.

"Tofu, Mwalimu."

"Haya. Kasubiri."

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali na kijiji kizima kilikuwa na wazimu. Kamba ilivutwa tangu saa sita, magharibi dhidi ya mashariki, na upande wa mashariki ulipoanguka kifudifudi, aliyekuwa chini kabisa ya lundo la watu alikuwa Kenyu, mwenzake Morio wa jukwaani. Alitolewa akichechemea, kifundo cha mguu kimevimba kama boga.

Morio alikuja mbio hadi kwenye meza ya tofu.

"Dada, acha kuuza."

"Kwa nini?"

"Jukwaani Sanchin ni ya watu wawili. Kenyu kavunjika. Wengine wamekunywa, walidhani hawatapanda. Mwalimu anasema wewe."

"Amesema mimi?"

"Amesema, 'Yule wa tofu hanywi.' Twende!"

Bibi Ushi alikuwa amekwisha kumvua aproni. Kwa mshipi wake mwenyewe akamfunga mikono ya kimono nyuma ya mgongo, akaikaza kwa goti kama anayefunga mzigo wa kuni.

"Wazazi wako wangeona," akasema kwa haraka, kisha, "Nenda, kasa, nenda."

Jukwaani mbao zilikuwa za moto chini ya nyayo. Hakukuwa na mchanga. Mbele, uso juu ya uso, kijiji chote kilimkodolea macho, na mawazo ya Sumie yakaruka kama panzi. Zeze zilizoundwa kwa mikebe mitupu, zilizokuwa zikipigwa tangu asubuhi, zikanyamaza. Morio alisimama kulia kwake. Nyuma yao Mwalimu Irei alikuwa akingoja, viganja wazi. Ngoma kubwa, kule ukingoni kushoto, ikapigwa mara moja.

Sumie akavuta pumzi na kuanza.

Hewa ikawa udongo. Mwili ukazama kwenye mbao, nyayo zikashika, tumbo likawaka moto ule mzuri. Alisikia pumzi yake na pumzi ya Morio zikienda pamoja, mvukuto mmoja wenye midomo miwili. Viganja vya mzee vilishuka mabegani, paa! Umati ukaguna. Sumie hakusogea. Hatua nyingine, ngumi nyingine. Alikuwa mkubwa, alikuwa mzito, alikuwa mahali hasa alipo na si pengine popote. Ikafika zamu ya kugeuka. Akavusha mguu, akageuka. Kwa kugeuka pale alipaswa kuiona ngoma kubwa ya kushoto.

Akauona uso wa Morio.

Uso kwa uso, karibu kabisa, macho ya Morio yametoka kama ya samaki. Sumie akaelewa. Alianza na mguu wa kushoto! Mbele ya watu wote, mwili wake ulikuwa umerudi kichochoroni, kwenye kioo chake, na zoezi lote lilikuwa linakwenda kinyume.

Kusimama? Kuomba radhi na kuanza upya? Pembe za mdomo wa Morio zilikuwa zinatetemeka kwa kicheko alichokibana, lakini macho yake yalisema twende, twende. Na uani kwa Mwalimu kulikuwa na sheria moja ambayo hata kuku waliijua: aliyeanza humaliza. Sumie akakita mguu usio sahihi kwa nguvu zake zote, akatoa ngumi isiyo sahihi, na pumzi ikamtoka hadi mpunga ukasikia.

Sasa alijua, na kwa kuwa alijua hakuogopa tena. Walikwenda, mmoja kulia mmoja kushoto, wakigeuka kukutana na kugeuka kuachana, kama mbao mbili za lango moja likifunguliwa na kufungwa. Umati ulianza kupiga mbinja. Wazee wakapiga makofi kwa mapigo. Mtu akapaza sauti, "Haijawahi kuonekana hii!" Paa, paa, viganja vya mzee viliendelea kushuka, na Sumie alivipokea kama mvua ya kwanza.

Walipoinama kumaliza, kelele zilitikisa jukwaa. Bibi Ushi alikuwa amesimama juu ya meza ya tofu, meza ile ile aliyokataza watoto wasiiguse.

"Wamesifu ubunifu wetu," Morio alimnong'oneza wakishuka, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mkuu wa kijiji ananiuliza tulichukua muda gani kuupanga. Nimemwambia mwaka mzima. Dada, usiniangushe, mwaka mzima!"

Sumie akacheka kwa sauti, mbele za watu, mkono haupo mdomoni. Kisha akamtafuta Mwalimu. Mzee alikuwa anaondoka peke yake kuelekea nyumbani, hakugeuka.

Asubuhi, ua wa nyumbani kwa Bibi Ushi ulinukia soya kama kawaida, na tofu iliganda vizuri. Sumie aliitazama. Akakata kipande cha Mwalimu, akakiweka kwenye beseni, akaliinua beseni, akalishusha tena.

"Bibi, leo utaipeleka wewe baadaye?"

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kwa Mwalimu."

Bibi Ushi akachukua beseni.

Njia ilikuwa ngeni bila mzigo. Kichwa kilikuwa chepesi mno, na mikono, ambayo siku zote ilijua kuning'inia, haikujua iende wapi. Watu aliokutana nao walimpongeza kwa jana, kwa ule mtindo mpya wa ajabu, na kila pongezi ilimchoma. Angeweza kuingia nayo langoni. Angeweza kusimama tu, na watu wangesema bila shaka yumo, si mlimwona jukwaani? Alipofika, Morio na wenzake walikuwa wamekwisha kupanga mstari, na Kenyu amekalia jiwe, mguu umefungwa majani. Mwalimu Irei alikuwa ameshika ubao mmoja wa lango, tayari kulifunga.

Akamtazama kichwani, palipokuwa patupu.

"Umeleta nini leo?"

Jibu la kila siku likamjia Sumie mdomoni. Mbele yake, kwenye mchanga uliofagiliwa, hapakuwa na mwezi hata mmoja, mchanga wote mweupe ukingoja. Akakita miguu. Akavuta pumzi hadi chini, kule mzee alikomsukuma kwa kidole.

"Sikuleta kitu, Mwalimu."

"Basi unataka nini?"

"Jana walinisifu, na nilikosea. Nilianza na kushoto." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyoijua, ikagonga ukuta wa mawe na kurudi. "Tangu siku niliyoziona alama mchangani sijataka kitu kingine. Naomba unifundishe, Mwalimu. Mguu wa kulia kwanza."